Aliyekosa Ndege ya Kwenda na Kiti Chake cha Kurudi

Mashirika mengi makubwa ya ndege yameandika katika masharti yao ya usafirishaji kwamba vipande vya tiketi vitumike kwa mfuatano ule ule vilivyouzwa nao, na kwamba abiria asipotokea katika safari ya kwanza, zote zinazofuata zitafutwa. Aliyekata tiketi ya kwenda na kurudi, akaikosa ndege ya kwenda, huwa ameipoteza na ya kurudi, ijapokuwa zote mbili amekwisha kuzilipia. Sharti hili linapotetewa, anayetajwa ni yule mjanja anayenunua tiketi ya njia mbili kwa sababu ni nafuu kuliko ya njia moja, akiwa amekusudia tangu mwanzo kutumia nusu yake tu. Abiria huyo yupo, na hoja dhidi yake ina uzito. Lakini sharti halimpati yeye peke yake, na wanaoumizwa nalo zaidi ni watu ambao hawakukusudia kumpunja yeyote.

Hoja ya mashirika ianze, kwa kuwa inastahili kusikilizwa. Nauli ya ndege haipangwi kwa umbali. Tangu Marekani ilipoziachia nauli huru mwaka 1978, na hasa baada ya American Airlines kuanza mwaka 1985 kuuza kwa wingi tiketi za bei ya chini zenye masharti makali, mashirika yamejifunza kuwatenganisha wasafiri kwa namna wanavyosafiri: anayepanga mapema na kukaa aendako mpaka mwisho wa juma hulipa kidogo, na mfanyabiashara anayetaka kwenda kesho hulipa sana. Ndiyo maana tiketi ya kwenda na kurudi huweza kuwa na bei ndogo kuliko ya kwenda tu. Kama kila mtu angeruhusiwa kununua ile ya bei ndogo na kutumia kipande anachokitaka, upangaji huo ungevunjika, na yumkini zile nauli nafuu zingeondolewa kabisa. Hilo si jambo la kupuuza, kwani wanaozitegemea nauli hizo ni wasafiri wenye uwezo mdogo.

Sasa tumtazame abiria wa pili. Gari moshi lililokuwa limpeleke uwanjani limechelewa, au mtoto ameugua usiku wa kuamkia safari, au mwajiri amemtuma huko huko siku mbili kabla kwa njia nyingine. Amefika aendako kwa gharama yake mwenyewe, naye anaamini kwamba kilichopotea ni kile kipande cha kwenda alichokiacha. Siku ya kurudi anakwenda kaunta na kuambiwa kwamba tiketi yake haipo tena. Hapo hana nafasi ya kulinganisha bei wala ya kungoja, maana kazi na familia vinamsubiri, kwa hiyo hununua tiketi ya siku ile ile, ambayo kwa kawaida ndiyo ghali kuliko zote. Ndege anayouziwa yaweza kuwa ile ile aliyokuwa ameilipia, na hata kiti chaweza kuwa kile kile. Shirika limeishika nauli ya safari ya kwenda ambayo halikumsafirisha, limeishika nauli ya kurudi, kisha limepokea nauli ya kurudi mara ya pili. Kwa mzazi aliye na watoto watatu, hesabu hiyo huzidishwa mara nne. Sioni hasara gani ya shirika inayolipwa kwa fedha zote hizo.

Husemwa pia kwamba asiyetokea huchelewesha ndege, kwa sababu mizigo yake lazima itafutwe na kushushwa. Hilo ni kweli kwa anayeikatisha safari katikati baada ya kukabidhi mizigo. Aliyeikosa ndege ya kwanza kwa kutofika uwanjani hakuacha hata begi moja ndani yake.

Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilizipima pande zote mbili tarehe 29 Aprili 2010, katika kesi zilizohusu masharti ya mashirika ya ndege ya British Airways na Lufthansa. Ilikubali kwamba mashirika yana haki ya kulinda mpangilio wa nauli zao, lakini ikaona kwamba kumnyima abiria safari iliyobaki kunapita kiasi, kwa kuwa ulinzi huo unapatikana kwa njia nyepesi: atozwe tofauti, iwapo safari anayoitumia ingekuwa na bei kubwa zaidi siku alipokata tiketi. Kwa kipimo hicho mjanja hapati faida yoyote, na aliyepatwa na dharura hapotezi kila kitu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Hispania nayo ililitangaza sharti la namna hiyo la shirika la ndege la Iberia kuwa la kionevu.

Njia ya tofauti ya nauli ina ugumu wake, na wanaoitetea mara nyingi huupita haraka. Lufthansa ilimdai abiria mmoja euro 2,112 kwa sababu, akitoka Seattle kwenda Oslo, alishukia Frankfurt na kukiacha kipande cha mwisho. Mwezi Desemba 2018 mahakama moja ya Berlin iliikataa kesi hiyo, kwa kuwa masharti hayakuonyesha wazi jinsi kiasi hicho kinavyokokotolewa. Tofauti isiyoweza kujulikana mapema yaweza kuwa adhabu ile ile kwa jina jingine.

Mashirika yana haja moja ambayo naiona ya haki kabisa, nayo ni kujua kama abiria atarudi, ili kiti kisiruke kitupu huku wengine wakikitafuta. Shirika linaloweza kumtumia abiria ujumbe wa mabadiliko ya saa ya kuondoka linaweza pia kumuuliza, mara tu asipotokea, kama bado anakihitaji kiti cha kurudi, na kumpa muda uliotajwa wazi wa kujibu. Aliyeulizwa akanyamaza mpaka muda huo ukapita, kiti chake kiuzwe. Aliyejibu kwamba anarudi, na apandishwe ndege, akilipa tofauti pale tu ambapo shirika limeonyesha hesabu yake kwa nauli za siku alipokata tiketi.