Bliksi na Kanzu ya Ijumaa

Wapo watakaokwambia kusafisha mkanda wa picha za rangi ni kazi ya maabara. Waongo. Ukishauingiza mkanda gizani kwenye tangi, kopo dogo lisilopitisha mwanga, mengine yote unafanya mchana kweupe, hata bafuni kwenye nyumba ya kupanga Magomeni. Kinachosumbua ni joto: dawa ya kwanza inataka nyuzi 38, dakika 3 na sekunde 15, basi. Nilikuwa na beseni, birika la maji ya moto na kipimajoto cha homa cha kuazima. Jirani aliponiuliza nani anaumwa, nikamjibu, "Beseni."

Dawa ya kwanza, ile inayotoa picha na rangi zake, ikapita salama. Ikafuata bliksi, maji mekundu ya kuiva, kazi yake kuondoa madini yote ya fedha mkandani zibaki rangi tupu. Sasa, dawa ya kwanza ina kaboneti na bliksi ina asidi kidogo; zikikutana ni gesi, na gesi hiyo haipigi hodi. Unatakiwa ulegeze kifuniko kila mara tangi lipumue. Mimi nimekibana kwa viganja viwili lisivuje, nalitikisa kwa bidii zote.

Pwaa!

Kifuniko cha juu kikagonga dari. Cha ndani kilishika, mkanda ukasalimika. Ukuta haukusalimika. Wala kanzu ya baba mwenye nyumba, nyeupe pee, iliyoanikwa kambani kusubiri Ijumaa. Nayo ilikuwa Alhamisi jioni.

Mama mwenye nyumba akasukuma mlango. "Yalaa! Umemchinja nani?"

"Bliksi, mama."

"Bliksi ndiyo nani? Mtoto wa nani?"

Nikafikicha kwa sabuni, nikafikicha kwa ndimu. Doa likatoka kwenye wekundu likahamia kwenye kutu, likatulia hapo. Mzee mwenyewe akatokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kanzu yangu?"

Sikuwa na jibu, nikampa mkanda uliokwisha kusuuzwa, bado unachuruzika maji. Humo mlikuwa na picha yake ya Idi. Akauinua kwenye taa, akakunja uso, akatazama kwa muda mrefu.

"Ndevu zangu zimekuwa nyeusi!"

"Hiyo ni negativu, mzee. Cheupe kinaonekana cheusi. Nikishaichapa zitarudi nyeupe."

"Zirudi kufanya nini? Nichapie hivi hivi."

"Na uso?" akauliza mkewe. "Utakuwa wa buluu."

"Uso wanaujua," mzee akasema. "Na kanzu utanunua."