Kiini cha 1987A: mimi sihitaji kukiona

Mwaka 2024 baadhi ya vichwa vya habari vilitangaza kwamba kiini kilichoachwa na nyota iliyolipuka mwaka 1987, mlipuko uitwao 1987A, hatimaye kimeonekana. Hakijaonekana. Darubini ya anga ya James Webb iliona gesi ya argoni na salfa katikati kabisa ya mabaki, ikiwa imepokonywa elektroni. Argoni nyingine imepoteza hadi 5. Kuna kitu kinachoimulika kwa mionzi mikali, na kitu hicho bado kimejificha. Hata hivyo, kwangu ushahidi unatosha: pale pana nyota ya nyutroni, yaani kiini cha nyota iliyokufa kilichoshindiliwa mno, na anayeng'ang'ania shimo jeusi, ambalo hata mwanga hautoki ndani yake, ndiye anayepaswa sasa kutuletea hoja.

Tena ushahidi huo haukuanza na James Webb. Tarehe 23 Februari 1987, saa chache kabla ya mwanga wa mlipuko kuonekana, mitambo mitatu, Kamiokande nchini Japani, IMB huko Ohio, Marekani, na Baksan katika Muungano wa Sovieti, ilinasa nyutrino (chembe ndogo mno zisizo na chaji) takriban 25 katika muda wa sekunde kumi na kidogo. Idadi inaonekana ya kuchekesha, lakini zilitoka Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 168,000, na nyutrino hupenya karibu kila kitu bila kugusana nacho. Kunasa hizo 25 tu kunamaanisha kwamba wingi usiohesabika ulipita. Kiini cha nyota kubwa kinapoporomoka, elektroni zake zikasukumizwa ndani ya protoni na kuzaa nyutroni na nyutrino, karibu nishati yote hutoroka kwa nyutrino hizo. Kinachonishawishi zaidi ni zile sekunde. Kama kiini kingegeuka shimo jeusi papo hapo, mbubujiko ungekatika ghafla. Uliendelea.

Basi kwa nini miaka yote hii hakuna aliyekiona? Vumbi. Darubini ya Herschel ilionyesha kwamba mlipuko ule umetengeneza vumbi lenye uzito unaokaribia nusu ya Jua letu. Ndani yake tunatafuta kitu chenye kipenyo cha kilomita 20 hivi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa wingu lenyewe ndilo linaloficha tunachokitafuta.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mwenye haraka angepaswa kukisoma. Mwaka 1989 kundi la wanaastronomia waliokuwa wakitumia darubini ya Cerro Tololo, Chile, walitangaza kwamba wamenasa palsa (nyota ya nyutroni ambayo mzunguko wake hutuletea mapigo ya mionzi) ndani ya 1987A, ikizunguka karibu mara 2,000 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ya ajabu mno, na wananadharia hawakusita: wakaanza kuandika maelezo ya jinsi nyota inavyoweza kuzunguka hivyo isisambaratike. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba mapigo yalitoka kwenye kamera ya video iliyosaidia kuielekeza darubini yenyewe. (Sijui kama kuna aliyeyatupa maelezo yake kwa moyo mkunjufu.)

Ndiyo maana napendezwa na uzito wa dalili za karibuni. Mwaka 2019 darubini za ALMA, pia nchini Chile, zilionyesha sehemu moja ya vumbi iliyo na joto kuliko jirani zake. Kisha James Webb ikaleta argoni na salfa. Darubini mbili, mionzi tofauti, na zote zinaelekeza eneo lile lile la katikati. Shimo jeusi lisilo na cha kumeza halichomi chochote.

Mjadala uliobaki, kwa maoni yangu, ni kama gesi ile inamulikwa na uso wa nyota wenyewe, ambao bado una joto la zaidi ya digrii milioni moja, au na chembe zinazorushwa na nyota inayozunguka kwa kasi. Mimi naegemea uso wenye joto, kwa kuwa hauhitaji dhana ya ziada: nyota changa hivyo ni lazima iwe ya moto. Wapo wanaosema hawataamini mpaka wasikie mapigo ya palsa. Hao huenda wakasubiri bure hata vumbi litakapotawanyika, kwa sababu palsa hurusha miali yake kuelekea pande fulani tu, na hakuna kinachoilazimisha ielekee kwetu.