Shangazi Amesajiliwa, Lakini Hana Bima

Ujumbe wa usajili wa SHA, mamlaka ya bima mpya ya afya ya serikali ya Kenya, bado uko kwenye simu ya shangazi yangu. Hataki ufutwe. Siku alipolazwa, aliutafuta kwa mikono inayotetemeka, akamwonyesha karani wa hospitali kama mtu anayeonyesha risiti. Karani akaingiza nambari ya kitambulisho, akasubiri mtambo urudi, kisha akamwambia kwa upole, "Mama, umesajiliwa ndiyo, lakini hujalipa mwaka."

Nilikuwa nimesimama kando yake. Aligeuka kunitazama, na sikuwa na jibu.

Shangazi huuza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara. Enzi za NHIF, bima ya zamani ya serikali, alilipa shilingi 500 kwa mwezi. Kuna miezi alichelewa, lakini alilipa. Tulipomsajili SHA aliulizwa paa la nyumba ni la nini, kuta ni za nini, choo ni cha aina gani, maji anayatoa wapi, ana mifugo mingapi. Mwishowe akakadiriwa shilingi 560 kwa mwezi. Nyongeza ya shilingi 60, ambayo isingemshinda. Kilichomshinda ni kutakiwa alete ya mwaka mzima, 6,720, kwa mkupuo mmoja, kabla ya kulazwa hata siku moja. Yeye hununua mboga alfajiri kwa pesa za mauzo ya jana. Hizo 6,720 hazijawahi kukaa pamoja mkononi mwake bila karo au kodi ya nyumba kuzingoja.

Hasira yangu kwa wanasiasa inaanzia hapo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini na Rais William Ruto Oktoba 19, 2023, baada ya kupita Bungeni. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Asiye na mshahara anatakiwa kulipa kwa mwaka. Hebu isome tena polepole: anayejua tarehe ya mshahara wake ndiye anayelipa kidogo kidogo mara 12, na asiyejua kama kesho atauza ndiye anayedaiwa yote mapema. Ilipitaje kwenye kamati, ikasomwa, ikapigiwa kura, bila mbunge kusimama na kuuliza mama mboga atazitoa wapi? Jina la mama mboga lilikuwa midomoni mwao kila jukwaa la kampeni mwaka 2022.

Mimi si miongoni mwa wanaotaka NHIF irudi. Hospitali zilikuwa zinaidai mabilioni, na tuliona jinsi madai hewa yalivyokuwa yakilipwa. Hata hiyo asilimia 2.75 ninaitetea mbele ya wenzangu kazini, japo inaniuma. Anayepata 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa anakatwa 550. Anayepata nusu milioni alikuwa akikatwa 1,700, sasa ni 13,750. Hiyo ni haki, na ilipaswa kufanyika zamani. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba Wakenya wanalalamika kwa sababu hawataki kuchangiana. Kila wiki naongezwa kwenye kundi jipya la WhatsApp la bili ya hospitali. Tunachangiana mpaka tumechoka.

Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Septemba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo kwa muda, na Oktoba 1 SHA ikaanza kazi. Wanasiasa wengi huongea juu ya ushiriki wa umma kana kwamba ni kizingiti cha mawakili. Lakini kama wangeketi na wanawake watano tu wa pale anapouzia shangazi, kwa saa moja, wangeambiwa wazi kwamba pesa ya mwaka haipatikani. Kasoro hiyo haikuhitaji mtaalamu wa bima kuigundua.

Badala yake tunahesabiwa. Kila mkutano wa hadhara, kila mazishi, tunatajiwa waliosajiliwa: zaidi ya milioni 20, na makofi yanapigwa. Kujisajili ni kubonyeza *147# na kufuata maelekezo. Ukishafanya hivyo unaweza kutibiwa bila malipo kwenye zahanati au kituo cha afya, kwa sababu hapo inalipa Hazina ya Kitaifa kupitia mfuko wa afya ya msingi. Hilo ni jambo jema, na dawa za presha za shangazi hutoka huko zinapokuwepo. Lakini kulazwa, kupasuliwa, kusafishwa figo, hayo yanataka uwe umelipia SHIF, yaani mfuko wenyewe wa bima. Sentensi hiyo ya pili haifiki jukwaani. Mwanasiasa anaposema milioni 20 bila kusema ni wangapi kati yao wamelipa, anamfanya mama kama shangazi aende hospitali na ujumbe wa simu akiamini ni bima.

Serikali imeleta Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mchango wa mwaka kisha urejeshe kidogo kidogo. Shangazi aliposikia neno mkopo alikataa, na simlaumu. Ameona majirani wakisumbuliwa na mikopo ya simu. Kwa nini maskini akope ili apate nafasi ambayo mwenye mshahara anaipata bila kuomba?

Na hao waliomuuliza shangazi habari za choo chake nao wanadaiwa majibu. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, iliyotoka Machi 2025, ilisema mtambo wa kidijitali wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Ni pesa zinazotoka kwenye jasho letu, na hatukuulizwa.

Ninachotaka kwa mbunge wangu ni kidogo, na kinaweza kufanyika kabla ya Agosti 2027 atakaporudi kuomba kura. Apeleke mswada wa kubadilisha kifungu cha malipo ya mwaka, mchango wa wasio na mshahara ulipwe kwa mwezi, au hata kwa siku, na anayelipa ahesabiwe kuwa na bima. Na kila idadi ya waliosajiliwa inapotajwa, itajwe pia ya waliolipa, kaunti kwa kaunti.

Shangazi alilala wodini siku nne. Bili tuliichanga, binamu zangu wawili wakakopa. Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye fulana ya SHA alipita sokoni akiuliza nani bado hajajisajili. Shangazi akatoa simu, akamwonyesha ule ujumbe. Kijana akaweka alama kwenye karatasi yake, akaenda meza inayofuata.