Dar es Salaam inapanda juu, nyumba za Kariakoo zinaondoka bila hata picha

Ukiwa kwenye pantoni, ikishaacha gati la Kigamboni, mji wote unakukabili. Jicho linaanza na maghorofa: jengo la Mamlaka ya Bandari na yale mapacha ya PSPF, yote yamepita ghorofa 30. Makanisa mawili yaliyojengwa enzi ya Wajerumani, Azania Front na Mtakatifu Joseph, ambayo kwa miaka mingi ndiyo yaliyotawala ufukwe ule, sasa unayatafuta katikati ya vioo.

Sina ugomvi na mji kupanda juu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam; ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hilo ni ongezeko la watu milioni moja ndani ya miaka kumi, na wote wanataka pa kulala na pa kufanyia kazi. Mji usipopanda utatambaa, nao umeshatambaa hadi Bunju na Chanika. Anayeishi huko anajua anaamka saa ngapi ili awahi Posta.

Kinachoniuma ni kwamba tunabomoa bila kuandika tulichobomoa. Na hasara hiyo haiwaangukii wote sawasawa. Majengo ya watawala yana watetezi. Boma la Kale pale Sokoine Drive, lililojengwa wakati wa Sultani Majid katika miaka ya 1860, limekarabatiwa na leo ni kituo cha kutunza urithi wa usanifu wa mji. Sanamu ya Askari imesimama kwenye mzunguko wa Samora tangu 1927 na hakuna anayethubutu kuigusa. Nafurahi kwamba vipo. Lakini nyumba waliyojenga Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi na Waswahili wengine wa mji huu kwa jasho lao, nyumba ambayo wengi wetu tumezaliwa au kupanga ndani yake, nani anaitetea?

Nazungumzia nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo. Baraza mbele, mlango katikati, korido inayonyooka hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani kuna jiko, choo na bafu, na pengine mti wa kivuli. Chumba kimoja anakaa mwenye nyumba, vingine wapangaji, na wote wanakutana kwenye ua ule ule wakipika na kufua. Mpangilio huo ulifundisha watu wa makabila mbalimbali kuishi pamoja kabla hatujawa na taifa. Barazani palichezwa bao, palisomwa magazeti, palipangwa harusi na mazishi, na TANU ilipozaliwa Julai 1954 ilizaliwa humu humu Kariakoo, katikati ya mabaraza hayo. Mbunifu yeyote anayejenga nyumba za watu wa kipato cha kawaida angefaidika kuipima korido ile na ua ule, aone hewa ilivyokuwa ikipita kutoka mbele hadi nyuma bila feni.

Leo pita Mtaa wa Sikukuu, Narung'ombe, au Aggrey. Kila ilipokuwa nyumba kuna ghorofa la maduka chini na stoo juu, jingine limegusana na jenziwe ukutani. Mara nyingi ni ubia: familia inatoa kiwanja, mwenye fedha anajenga, kisha wanagawana. Siwalaumu wenye nyumba hata kidogo. Mjane mwenye kiwanja Kariakoo na mabati yanayovuja ana haki ya kufaidi mali aliyoachiwa. Bibi anahamia Mbagala au Kimara, tingatinga linaingia, na ndani ya siku chache nyumba iliyodumu vizazi vitatu ni kifusi. Hakuna aliyechora ramani yake wala aliyemuuliza bibi ile nyumba ilijengwaje na nani alikaa chumba kipi.

Hata yale tuliyoyajenga wenyewe baada ya Uhuru yako hatarini kwa sababu hatuyaoni kuwa ya zamani. Soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975 ni kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika nchini. Ile miavuli mikubwa ya zege haikuwekwa kwa urembo tu; hukinga jua na kukusanya maji ya mvua. Moto ulipoliteketeza usiku wa Julai 10, 2021, nilisikia watu wakisema bora libomolewe lote lijengwe ghorofa la kisasa. Nashukuru jengo kuu lilikarabatiwa. Lakini tuliponea chupuchupu.

Majumba ya sinema hayakuponea. Empire, Avalon, Odeon, Cameo: watu wa umri fulani wakiyataja sura zao hubadilika. Ile Drive-In ya Msasani, ambako familia zilikwenda na magari na mikeka, uwanja wake ndio ulipojengwa Ubalozi wa Marekani, uliofunguliwa 2003.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo, lakini hatuwezi kuitangaza kila nyumba ya korido kuwa kumbukumbu ya taifa, wala sitaki. Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana: kibali cha kubomoa jengo lililofikisha miaka 50 kisitoke mpaka lipimwe, lichorwe, lipigwe picha nje na ndani, na mwenye nyumba ahojiwe. Gharama ailipe anayejenga. Ukilinganisha na bei ya ghorofa kumi ni fedha ndogo sana. Chuo Kikuu Ardhi kipo hapa hapa mjini, kina wanafunzi wa usanifu wanaohitaji kazi za vitendo, na nyumba moja ya vyumba sita inapimika kwa siku moja. Kumbukumbu hizo zihifadhiwe Boma la Kale, ambako mjukuu wa yule bibi anaweza kuingia na kuona.

Na zile nyumba chache za korido zilizobaki Kariakoo, jiji lichague walau mtaa mmoja, liwalipe wenyewe kwa haki, lizikarabati zikiwa na watu ndani yake. Ghorofa zina mitaa mingine yote.