Roro au kontena? Hesabu ya gari la Japani linaloelekea Kisumu

Mtu wa Kisumu au Nakuru anayeagiza gari Japani hukutana na swali hili mapema, mara tu muuzaji anapotuma ankara: lije kwa roro au ndani ya kontena? Roro ni meli yenye tumbo kama gereji ya ghorofa nyingi. Gari huingia likiendeshwa na hushuka Mombasa likiendeshwa. Kontena hupakiwa na kufungwa kwa sili huko huko ng'ambo. Wengi huku magharibi mwa Kenya wanaamini kwamba kontena ndilo salama na roro ni ya mtu asiye na pesa za kutosha. Imani hiyo ina msingi, lakini naona imepewa uzito kupita kiasi, hasa kwa anayeleta gari moja la kawaida.

Tuanze na nauli. Roro hutoza kwa ujazo, yaani urefu mara upana mara kimo. Toyota Fielder yenye urefu wa mita 4.4, upana wa 1.695 na kimo cha 1.475 inakaribia mita 11 za ujazo. Noah ya mita 4.695 inafika 14.5, ndiyo maana nauli yake hupanda hata kama mnadani ilinunuliwa kwa bei ileile. Kontena hulipiwa lote, lijae lisijae. La futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9 hivi, kwa hiyo Fielder moja inaingia na mita moja na nusu iliyobaki unailipia bure. La futi 40 lina mita 12: magari mawili yanakaa mkia kwa uso, na kwa kutumia raki za kuinua moja juu ya jingine yanatosha matatu, hata manne yakiwa madogo. Hapo tu ndipo nauli ya kila gari inaposhuka hadi ikaweza kushindana na roro.

Kuna wanaohofia kwamba nauli kubwa ya kontena itaongeza ushuru. Kwa gari kuukuu sivyo. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haianzi na ankara yako. Huanza na bei ya gari hilo likiwa jipya katika orodha yake, kisha hupunguza kulingana na umri. Thamani ya forodha ikitoka shilingi 500,000 kwa gari la petroli lenye injini isiyozidi cc 1500, kwa viwango vya 2025 hesabu inakwenda hivi: ushuru wa forodha asilimia 35 ni 175,000, ushuru wa bidhaa asilimia 20 ya thamani pamoja na ushuru huo ni 135,000, VAT asilimia 16 ya jumla mpya ni 129,600, ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 ya thamani ya forodha ni 12,500. Na tozo ya reli asilimia 2 ya thamani hiyohiyo ni 10,000. Jumla 462,100. Kiasi hicho hakibadiliki kwa sababu ya aina ya meli, kwa hiyo uamuzi unabaki kuwa wa nauli, usalama na muda.

Upande wa usalama, hoja ya kontena ni nzito. Kwenye roro ufunguo hubaki ndani ya gari, na kuanzia bandari ya kupakia hadi yadi ya Mombasa gari hupita mikononi mwa madereva wengi. Vinavyopotea ni vile vidogo vinavyotoka haraka: redio, jeki na spana yake, kadi ya navigesheni. Dawa yake si ya uhakika lakini inasaidia: muuzaji apige picha za dashibodi, buti na chini ya boneti siku ya kukabidhi gari bandarini, na wakala wako wa forodha akague mbele ya mwenye yadi kabla ya kutia sahihi. Akishatia sahihi, madai yamekufa.

Lakini kontena nalo lina hatari zake ambazo hazisemwi sana. Kwenye roro, mabaharia hulifunga gari kwenye sakafu ya meli kwa mikanda, na kazi hiyo wanaifanya kila siku. Kwenye kontena, ubora wa kazi unategemea waliolipakia: kabari za mbao zilizopigiliwa misumari nyuma na mbele ya tairi, mikanda, na raki iliyopimwa sawasawa. Raki ikilegea katika wiki za mawimbi, gari la juu linashukia la chini, na hakuna anayejua hadi mlango ufunguliwe. Tena joto la mchana na baridi ya usiku huleta unyevu ndani ya chuma. Viti vya kitambaa vikikaa hivyo wiki nyingi huota ukungu.

Tatizo kubwa zaidi ni la kuchangia. Watu wanne wanakubaliana kujaza kontena moja. Kontena hilo sasa ni kama gari la abiria la matatu: haliondoki hadi lijae. Wa kwanza alishinda mnada mwezi wa tisa, wa nne anapata gari lake mwezi wa kumi na moja. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu usajili wa kwanza, na KEBS, shirika la viwango la Kenya, huhesabu kwa mwaka: kuanzia Januari 2026 ni yale yaliyosajiliwa 2019 na kuendelea. Gari la 2018 lililokuwa halali Desemba 31, 2025 likifika siku iliyofuata ni haramu. Haya yamalizike salama, bado kuna Mombasa. Mmoja akikosa pesa za ushuru, mzigo mzima unaweza kukwama, huku kampuni ya meli ikidai malipo ya kila siku kwa kontena ambalo halijarudishwa. Anayechangia ahakikishe ana hati yake ya shehena kwa gari lake, na yawepo makubaliano ya maandishi kuhusu nani analipa siku za kuchelewa.

Kuhusu ajali kubwa, watu hutaja Felicity Ace, iliyowaka moto Februari 2022 katika Atlantiki ikiwa na magari karibu 4,000 na kuzama wiki mbili baadaye, au Golden Ray iliyopinduka karibu na Brunswick, Marekani, Septemba 2019. Hizo ni roro kweli. Ila meli za makontena nazo huungua, na huangusha makontena baharini. Jibu la hatari hii ni bima, ambayo tangu 2017 unatakiwa kuinunua kwa kampuni ya Kenya. Soma ni kifungu gani umeuziwa. Kifungu C hulipa moto, kuzama na mchango wa hasara ya pamoja, yaani ile sehemu kila mwenye mzigo hudaiwa nahodha anapotoa mhanga sehemu ya shehena kuiokoa meli. Redio iliyoibwa haimo. Kifungu A ni kipana zaidi, ingawa kwa magari kuukuu mara nyingi mikwaruzo huondolewa.

Kontena linashinda bila ubishi katika hali mbili: gari lisilowaka, na Mkenya anayerudi nyumbani kutoka Uingereza na vitu vyake. Roro kwa kawaida hairuhusu mizigo ndani ya gari. Anayerudi Kakamega na friji, vitanda na gari alilolimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12 anaweza pia kuomba msamaha wa ushuru, na kontena moja linabeba vyote. Ajue tu kwamba tangu Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoiteka Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, yenyewe ikiwa meli ya magari, Novemba 19, 2023, meli nyingi za Ulaya zimezunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari imerefuka. Za Japani hazipiti Bahari ya Shamu.

Kwa Fielder moja, basi, ningechagua roro, na tofauti ya nauli ningeiweka kwenye bima ya kifungu A na ukaguzi wa gari Mombasa. Kutoka hapo hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, na mteremko wa Bonde la Ufa na milima ya Kericho haisamehi. Betri huenda imelala. Ichajiwe, isisukumwe tu. Pima oili, maji ya rejeta na maji ya breki. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye tairi: 2316 ina maana wiki ya 23 ya 2016, na tairi la umri huo halifai kuvuka mji wa Salama, ulio kwenye barabara ya Mombasa hadi Nairobi, usiku, hata kama kashata zake, yaani meno yake, bado ni ndefu. Likiwa tairi la theluji, mpira wake ni laini mno kwa lami ya moto. Libadilishwe Mombasa kabla ya kuondoka.