Sijazaa Upepo, Acheni Uongo

Kwanza tulieni. Najua mmeshapata toleo la yule jamaa niliyemwomba anisindikize hospitali nikidhani ni rafiki. Sijazaa upepo. Mashine haikuharibika. Na dada wa ultrasaundi hakukimbia, alienda kufungua dirisha tu.

Tumbo lilikuwa limenijaa siku kadhaa, gumu, ukiligonga linalia kama ngoma. Ikifika jioni suruali haifungi. Nami kichwa changu hakijui ugonjwa mdogo: nilishajiandikia uvimbe, nikaanza kuwaza nani atarithi redio yangu. Daktari akaagiza ultrasaundi, nikaambiwa nisile kitu tangu usiku. Nikatii. Nilitafuna chingamu tu njia nzima kuzuga njaa. (Chingamu si chakula, au siyo? Msijibu.)

Nikalala chali, shati limepandishwa kifuani. Jeli ilikuwa baridi mpaka vidole vya miguu vikajikunja. Dada akapitisha kile kifaa, anatazama skrini, kimya. Mnajua mtu wa vipimo akinyamaza roho inavyokwenda. Akarudia palepale. Akakandamiza.

"Vuta pumzi, ishikilie."

Nikaishikilia. Akakandamiza zaidi, chini ya mbavu, na hapo nikasikia kitu kimeanza safari. Kimetoka kulia. Kinavuka juu ya kitovu, hakina haraka. Kikakata kona kushoto, kikaanza kuteremka. Nikakaza kila msuli nilio nao, na mingine nikaazima.

"Shikilia kidogo tu, kaka."

Dada yangu, mwenzio nashikilia mambo mawili!

"Haya, pumua."

Nikapumua. Pande zote.

Laiti ungekuwa mshindo mmoja, ningeshukuru, maana mshindo hupiga ukaisha. Huu ulianza mwembamba, wa kuuliza. Ukapanda. Ukakatika, nikadhani umekwisha, nikafumbua macho. Ukarudi na nguvu mpya, ukasindikizwa na vidogo vidogo vya mwishomwisho. Kitanda chenyewe kimevalishwa plastiki, nacho kikaitikia. Mlango haukuwa umefungwa vizuri, na huko nje kwenye benchi nikamsikia jamaa yangu akisema, "Mungu wangu."

Dada hakucheka. Angecheka ningepona. Alitazama skrini, akasema kwa upole, "Afadhali. Gesi ilikuwa imeziba kila kitu, mawimbi ya mashine hayapiti vizuri kwenye hewa. Umekula nini?"

"Sijala."

"Na hiyo iliyo shavuni?"

Jamani.

Yaliyobaki nayafupisha. Ini salama, figo zote mbili salama, kifuko cha nyongo hakina mawe. Kongosho halikuonekana vizuri, heshima haikuonekana kabisa. Daktari akaniuliza kama nimepungua uzito, natapika, au naona damu chooni. Nikasema hapana, akasema ingekuwa ndiyo, tungezungumza mengine. Kisha akaanza kutaja vinavyojaza tumbo, na kila sentensi nikajikuta nimo. Kula mbiombio huku unaongea, unameza hewa. Soda, gesi yake unainywa mwenyewe. Maharage yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja, zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachua na kutoa gesi. Maziwa nayo, kama mwili wako hautengenezi kimeng'enya cha kutosha cha kumeng'enya laktosi, ile sukari ya maziwa. Choo kigumu, gesi inakwama njiani.

Nikamwonyesha pakiti ya chingamu zangu, zile zisizo na sukari. Akasoma nyuma: sobitoli. Utamu huo haufyonzwi vizuri, nao unaishia kwa bakteria walewale. Na kila ukitafuna unameza hewa juu yake.

Sasa sikilizeni: zile chingamu nilizianza ili nipunguze tumbo.

Pakiti iliyobaki nimempa yule jamaa, zawadi ya kunisindikiza. Tangu jana anazitafuna mfululizo huku akiwasimulia habari zangu. Kesho ana kikao kirefu na mabosi wake. Mimi nipo, nasubiri.