Manjano ya Kikopo na Manjano ya Marikiti

Watu wa nyumbani wananiandikia niwatumie vidonge vya manjano kutoka Uingereza. Huyu anavitaka kwa magoti ya mama yake, yule ameona tangazo la ashwagandha, mzizi wa dawa wa Kihindi, kwenye simu. Wote wanakaa Mombasa, na soko la Marikiti manjano yamejaa kwenye magunia.

Mimi nakaa Leicester, na hapa kichekesho ni kilekile, kimegeuzwa tu. Belgrave Road kuna maduka ya Wahindi yenye uwatu, shamari, hiliki, mvuje na manjano mabichi yenye udongo wake, kwa bei ya mboga. Nenda katikati ya mji: manjano hayohayo yamo kwenye kikopo cha vidonge, kwa bei ya kukufanya ukisome mara mbili. Na mkahawa wa jirani unauza maziwa ya manjano kwa vijana waliotoka mazoezini.

Maziwa hayo nimeyanywa utotoni bure. Nyumba yetu ilipakana na ya Wagujarati, na mtoto akikohoa usiku, asubuhi kikombe kilivuka ua: maziwa moto, manjano kidogo, pilipili manga, na samli ikielea juu. Hakuna aliyetaja Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Na kile kikombe kilikuwa na hesabu yake. Kurkumini, kiini kinachosifiwa cha manjano, haiyeyuki vizuri majini na mwili huipokea kwa shida, ila mafuta huisaidia. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore walionyesha kwamba piperini, yaani ule ukali wa pilipili manga, huzidisha sana upokeaji wake mwilini.

Wauza vidonge wakaichukua hesabu hiyo wakaacha kipimo. Jikoni ni nusu kijiko, siku za kikohozi tu. Kwenye kikopo ni kurkumini iliyokamuliwa na kuongezwa piperini, na mtu anameza kila siku mwaka mzima. Mwaka 2019 Italia iliripoti wagonjwa kadhaa wa uvimbe wa ini waliokuwa wakitumia vidonge vya manjano. Ashwagandha nayo, Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hafai kabisa kujichezea na vidonge hivi bila kumwambia daktari wake.

Msinielewe vibaya, Wazungu wa hapa si wajinga. Tangu tarehe 30 Aprili 2011 dawa ya mitishamba ya kiwandani haiuzwi Uingereza bila leseni au usajili, na zile zilizosajiliwa kama dawa za jadi huwa na namba inayoanza na herufi THR. Lakini mwenye kikopo akiandika kwamba ni nyongeza ya chakula tu, si dawa, anapitia mlango mwingine. Ndiyo maana vingi vya vikopo hivi havina namba hiyo.

Vya India vyenyewe si salama kwa sababu tu vinatoka India. Mwaka 2004 watafiti walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, na 14 zikakutwa na madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki. Ipo shule ya Ayurveda iitwayo rasa shastra ambayo hutia madini dawani makusudi, baada ya kuyachoma na kuyasaga. Bibi wa jirani yetu hakuwa na habari na mambo hayo. Yake ilikuwa sufuria na viungo.

Wazee wa Kigujarati wa hapa bado wanatibu kwa sufuria. Wengi walifukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972, na baraza la mji wa Leicester likalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Wakaja. Leo mji unajivunia sikukuu yao ya Diwali! Namjua mama mmoja, mzaliwa wa Jinja. Ukimwambia tumbo limejaa gesi anakutilia mbegu za ajmo na chumvi kiganjani utafune. Nilimuuliza kuhusu vidonge vya manjano. Akacheka: "Mwanangu, hiyo dawa ya mtu hana jiko."

Kinachoniudhi zaidi ni ule ujasiri wa kutuuzia cha kwetu. Mwaka 1995 Marekani ilikipa Chuo Kikuu cha Mississippi hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi, ya kutibu vidonda kwa manjano, jambo ambalo kila bibi wa Gujarat analijua. India ikapinga, ikaleta maandishi ya kale, na mwaka 1997 hataza ikafutwa.

Kwa hiyo vidonge situmi. Mama wa magoti apelekwe kliniki kwanza, na manjano ale kwenye mchuzi. Anayetaka ya maziwa anunue vipande vikavu, asage mwenyewe. Unga uliokwisha sagwa ni rahisi kutiwa rangi. Lakini hata vipande si vya kuaminiwa moja kwa moja: Bangladesh wafanyabiashara walikuwa wakivitia kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu, ving'ae. Ila ukiyasaga manjano nyumbani, harufu yake ni nyingine kabisa.